Ukitafuta Wazao wa Ukoo wa Makabaila wa Uingereza, Wafuate Mabinti

Watu wengi wanaoniomba msaada wa kufuatilia wazao wa ukoo fulani wa makabaila wa Uingereza huanza kwa kunionyesha orodha ya waliorithi cheo, kuanzia Duke wa kwanza hadi wa leo. Orodha ya namna hiyo haihitaji mtafiti, kwa kuwa imo katika kitabu cha nasaba za malodi cha Burke, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1826. Kazi yenyewe iko kwa wale walioachwa njiani na orodha hiyo: wadogo wa mrithi, watoto wao waliokuwa makasisi wa vijijini na maofisa wa jeshi, na zaidi ya wote mabinti, ambao walipoolewa walibadili jina na aghalabu wakatoweka katika maandishi ya kwao. Sisi wa pwani, tuliozoea kusikia nasaba za masharifu zikihesabiwa kuumeni, hatuna haki ya kuwashangaa Waingereza kwa jambo hilo.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuteremka kwa upande wa kukeni, na mfano ninaopenda kuutoa ni wa ukoo wa York. Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, wakati mwanawe wa pekee wa ndoa alikuwa amekwisha kufariki. Dada yake, Anne wa York, alikuwa amezaa na mume wake wa pili, Thomas St Leger, binti aliyeitwa Anne kama mama yake. Binti huyo aliolewa na George Manners, Baron de Ros, na kaburi lao, lenye sanamu zao zilizolazwa ubavu kwa ubavu, bado lipo katika kanisa la St George's, Windsor. Mtoto wao Thomas alipewa cheo cha Earl wa Rutland, na mtafiti anayefuata vyeo angeondoka naye hapo hapo. Mwanahistoria John Ashdown-Hill alimfuata dada yake Thomas, Catherine, akateremka kutoka mama hadi binti kwa karne nne na zaidi, mpaka akamfikia Joy Ibsen, mwanamke mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kanada. Joy alifariki mwaka 2008. Mifupa iliyodhaniwa kuwa ya Richard ilipofukuliwa chini ya maegesho ya magari mjini Leicester mwaka 2012, aliyetoa sampuli ya kulinganisha alikuwa mwanawe Michael, fundi wa samani aliyekuwa akiishi London.

Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, ndiyo maana mstari ule wa kukeni, ambao vitabu vya malodi viliuona hauna thamani, ukawa ndio wenye kufaa. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester hawakuupokea hivi hivi bila kuuhakiki. Walikihakiki kila kiungo kwa nyaraka, kisha wakatafuta mstari wa pili wa kukeni na kumpata Wendy Duldig. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, vinasaba vya Michael vililingana na vya mifupa bila tofauti yoyote, na vya Wendy vilitofautiana navyo mahali pamoja tu.

Nyaraka za kukuvusha kutoka kizazi kimoja hadi kingine zipo, ila hubadilika kadiri ya karne. Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 kuna vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo, na kuanzia 1841 kuna sensa zenye majina, moja kila miaka kumi, isipokuwa ile ya 1931 iliyoteketea kwa moto na ya 1941 ambayo haikufanyika kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo utategemea madaftari ya parokia, yaliyoanzishwa kwa amri ya mwaka 1538, ambayo kwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yana mapengo makubwa.

Lakini ningeambiwa nichague aina moja tu ya nyaraka, ningechagua wasia. Kabaila mwenye mali aliandika wasia, na mara nyingi akawataja humo mabinti zake kwa majina ya waume zao, pamoja na wajukuu aliowaachia vijiko vya fedha au pauni chache. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kukufungulia koo tatu kwa mpigo. Wasia za watu wenye mali zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1858, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, na nakala zake zinapatikana kwa intaneti. Usiusahau wasia wa shangazi asiyeolewa: kwa kuwa hakuwa na watoto, huwataja wapwa wote.

Jihadhari na tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, si Januari. Ukikuta wazazi walifunga ndoa Juni 1701 na mtoto akabatizwa Februari 1701, usikimbilie kuandika kwamba alizaliwa nje ya ndoa, maana kwa hesabu yao Februari hiyo ilikuja miezi minane baada ya harusi.

Huko kuumeni nako kuna la kuzingatia. Watafiti wale wa Leicester waliwapima wanaume watano walio hai, wazao wa Duke wa tano wa Beaufort, ambaye kwa maandishi ametokana kuumeni na Mfalme Edward wa Tatu, kama Richard mwenyewe. Hakuna hata mmoja ambaye kromosomu yake ya Y, ile ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba yake, ililingana na ya Richard, na mmoja kati yao hakulingana hata na wenzake wanne. Kwa maneno mengine, mahali fulani katika karne hizo baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa, na zaidi ya mara moja. Nyaraka zilikuwa sahihi kwa namna yake, kwani zilieleza nani alirithi kisheria, na hilo ndilo lililowashughulisha waandishi wake.

Kwa sababu hiyo, unapowafikia wazao walio hai, usianze na habari za vipimo. Mimi huandika barua fupi ya karatasi, ambamo ninajitambulisha, ninaeleza ukoo ninaoufuatilia na nyaraka zilizonifikisha kwake, kisha ninauliza jambo moja tu analoweza kulijibu bila kusumbuka, kwa mfano jina la bibi yake mzaa mama kabla ya kuolewa. Asipojibu, simwandikii tena wala simwendei kupitia kwa jamaa zake. Na katika mti wa ukoo ninaoutoa hadharani, kila aliye hai huandikwa "hai" tu, bila jina, tarehe wala mji.