Laki saba zangu ziliishia kwenye bati

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Shikamoo dada. Hela ya korosho imeingia, nina laki saba. Nataka nianze na kuku chotara 50. Nishauri banda liwe la ukubwa gani." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Laki saba, kuku 50, na swali la kwanza banda! Kama vile kachungulia daftari langu la zamani.

Maana mimi nilianza hivyohivyo, hapa Mikindani. Shamba la mikorosho la marehemu baba tunagawana mapato, na mwaka ule mgao wangu baada ya mnada ulikuwa 700,000. Usingizi sikuupata. Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mwanangu usiku: kuku 50, tuseme wafe watano, wabaki 45, kila mmoja 15,000, hiyo ni 675,000 ndani ya miezi mitano. Hesabu tamu kweli. Kuzidisha kila mtu anaweza, kutoa ndiko tunakokukimbia.

Nikaanza na banda. Fundi akaniambia makuti yanafuga wadudu, weka bati. Nikaweka. Akasema matofali, nikakubali. Saruji chini, wavu mpya, mlango wenye kitasa. Kitasa! Shemeji yangu alipopita akalitazama lile banda, akatazama na jiko langu la makuti, akauliza, "Sasa kuku wakija, nani analala wapi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Banda lilikula 380,000. Vifaranga 50 wa mwezi mmoja, 4,500 kila mmoja, 225,000. Vyombo vya maji na chakula pamoja na nauli ya kuwaleta, 30,000. Nikabaki na 65,000, na hiyo ndiyo ilikuwa bei ya mfuko mmoja wa chakula, kilo 50.

Mfuko mmoja, jamani. Kuku wa umri ule anakula gramu 50 mpaka 70 kwa siku. Kundi zima lilikuwa linamaliza kama kilo tatu kila siku ya Mungu. Siku ya 16 nilikuwa nakung'uta mfuko. Na chotara huanza kutaga akikaribia miezi mitano au zaidi, tena kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kula. Mkubwa anafika gramu 110 hadi 120. Kwa hiyo nilikuwa na zaidi ya miezi mitatu mbele yangu bila hata yai moja na bila senti.

Nikawapa pumba tupu, ukoko wa ugali, maganda ya muhogo niliyoyaanika. Wakadumaa. Mfuko wa pili nilikopa kwenye kikoba. Wa tatu niliona aibu kurudi.

Aliyeniuzia vifaranga alisema "wamechanjwa wote hawa." Wamechanjwa ugonjwa gani, lini, na wanarudiwa lini, sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nawatazama walivyo wazuri. Mwezi wa sita kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, ikaingia mtaani. Alfajiri nafungua kile kitasa changu, namkuta mtetea mmoja mweusi mwenye madoadoa, niliyekuwa nampenda kuliko wote, amejibanza pembeni. Mbawa zimelegea. Shingo imepinda nyuma kabisa, macho yanatazama bati. Kinyesi chake cha kijani kimegandamana chini ya mkia. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Nilikimbilia duka la dawa, nikauziwa antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji. Sikujua kwamba kideri ni ugonjwa wa virusi na antibayotiki hazikiui kirusi. Kikishaingia hakina tiba, kinga yake ni chanjo iliyotangulia. Kufika Ijumaa nilikuwa nimefukia 41. Shemeji akaja kunipa pole, akasema mbele ya watu, "Lakini banda lipo zima." Mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Sasa mdogo wangu wa Masasi, na wengine wote wenye hela ya korosho mfukoni, sikilizeni. Chakula kwanza. Usinunue kuku hata mmoja kabla hujatenga hela ya chakula cha miezi sita, ukaiweka mbali na mkono wako na mbali na mkono wa fundi. Kuku ni mdomo kabla hajawa mfuko.

Niliporudi kwenye kazi hii niliuza yale mabati. Ningekuwa na zile laki saba tena, ningezigawa hivi: mitetea 10 ya kienyeji kwa 150,000 na jogoo mmoja wa 20,000. Jogoo mmoja anatosha majike kumi, usimwongezee mwenzake wakapigana bure. Banda la fito, udongo na makuti, 120,000, lililoinuliwa kutoka chini ili kicheche asipenye. Chakula 40,000 kwa mwezi, miezi sita, ni 240,000; kuku 11 hawamalizi hata kilo moja na nusu kwa siku, na mchana wanajitafutia wenyewe chini ya mikorosho. Chanjo na dawa za minyoo 40,000. Zinabaki 130,000, na hizo usiziguse. Najua zitakuwasha, usiziguse tu.

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inahudumia kuku wengi kuliko ulionao, kwa hiyo changishaneni na majirani mchanje siku moja. Ukichanja wako peke yako, chupa iliyobaki unaimwaga, na kuku wa jirani ataendelea kufa mlangoni kwako. Sisi tunafanya jioni wakishaingia bandani, mmoja anashika, mwingine anadondosha, mtoto anahesabu. Na wagonjwa ukishawaona, umechelewa, usichanje kwa matumaini.

Jike wa kienyeji anataga mayai 10 hadi 15, anaatamia siku 21, na vifaranga wake hukuwalipia nauli wala hukuambiwa na mtu kwamba wamechanjwa. Ndivyo nilivyokua mimi, polepole. Wiki iliyopita nimeuza majogoo 14 kwa mpigo kwa watu wenye shughuli ya unyago, 18,000 kila mmoja. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Na aliyekuja na baiskeli kuwabeba, vichwa vinaning'inia kila upande, alikuwa shemeji yangu yuleyule. Nilimlipa nauli yake mkononi, sikusema neno.

Yote haya nilimwandikia yule kijana, meseji tano ndefu. Chakula kwanza, nikarudia mwishoni kwa herufi kubwa. Jana usiku kanijibu: "Asante sana dada, nimekuelewa. Ila bati nimeshanunua."

Nimemwambia aulize kama dukani wanarudisha.