Kabla Hujabonyeza "Kubali": Kubadilishana Vitu kwenye Gemu Bila Kulizwa

Watu hudhani anayetapeliwa kwenye gemu ni mgeni asiyejua lolote. Kwa niliyoyaona tangu nianze kununua na kubadilishana vitu na wachezaji wenzangu, anayelizwa vibaya zaidi ni mzoefu. Mgeni husoma kila neno kwa woga. Mzoefu ana mkono mwepesi, amebonyeza "kubali" mara nyingi mpaka hasomi tena, na begi lake ndilo lenye vitu vya maana.

Ninachoshikilia ni kimoja: kilichomo kwenye dirisha la mwisho la kuthibitisha ndiyo biashara. Ahadi za kwenye chati, picha za skrini na "niamini, kaka" hazimo.

Chukua Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni. Dirisha lake la biashara lina hatua mbili. Ya kwanza kila mtu anaweka vyake, ya pili mnaonyeshwa kwa maandishi nani anatoa nini. Tapeli anaweka sarafu 10M (M ni milioni), mnapiga soga kidogo, halafu anazitoa akidai amekosea hesabu, na kurudisha 1000K (K ni elfu). Jicho lenye haraka linaona 1000 na kuridhika, ilhali zilizorudi ni sehemu moja ya kumi tu. Rangi ndiyo inayomuumbua: kuanzia milioni 10 namba ya sarafu huandikwa kwa kijani, na chini ya hapo hadi laki moja huwa nyeupe. Pia mahali palipoondolewa kitu huwaka alama nyekundu ya mshangao. Mimi mtu akitoa kitu na kukirudisha, hata kama ni kwa nia njema, nafunga dirisha na tunaanza upya. Akinuna, anune.

Ukishaikubali kanuni hiyo, mitego mingi inajifichua yenyewe. Mtu anayekwambia "nipe kwanza hiki, changu nitakupa baadaye" anakuomba utoe zawadi, na zawadi mfumo hauirudishi. Watoto wanaocheza Adopt Me!, gemu ya kufuga wanyama kwenye Roblox, hunaswa hivi kila mara: wanaambiwa waachie mnyama wao sasa, Robux (pesa za Roblox) zitafuata kwa njia nyingine. Hazifuati. Usikubali pia kubadilisha kitu cha gemu moja kwa kitu cha gemu nyingine, kwa sababu hakuna dirisha linaloonyesha pande zote mbili. Halafu ujue sheria za nyumba unayochezea. EVE Online, gemu ya meli za angani, kwa mfano, huuchukulia utapeli mwingi wa ndani ya gemu kama sehemu ya mchezo. Ukinunua meli kwa mkataba ulioongezwa sifuri moja, hakuna wa kumlilia.

Sasa kuna wizi mmoja ambao dirisha peke yake halikuokoi, nao umewatoa machozi watu makini kabisa. Unaanza na kiungo: kaipigie kura timu yetu, au njoo uone bei ya skini zako (mapambo ya silaha za gemu). Ukifika unaombwa uingie kwa akaunti ya Steam, duka la gemu la mtandaoni. Unaingia, unathibitisha kwenye simu bila kusoma kilichoombwa, unasahau. Kumbe nyuma ya pazia mwizi ametengeneza ufunguo wa API kwenye akaunti yako, yaani msimbo unaoiruhusu programu ya nje kuona na kufuta ofa zako. Siku unafanya biashara halali, ofa inakuja, ufunguo ule unaifuta, na papo hapo inaingia nyingine kutoka akaunti yenye jina lilelile na picha ileile. Simu inakuuliza uthibitishe. Unaona jina unalolitarajia, unathibitisha kwa kidole chako mwenyewe. Na Steam yenyewe haina kawaida ya kurudisha vitu vilivyotoka hivyo, ukiacha ulinzi wa siku 7 nitakaoutaja chini.

Kinga yake haichoshi. Fungua ukurasa wa ufunguo wa API kwenye akaunti yako. Kama hukuwahi kuuomba, panatakiwa pawe patupu. Ukikuta kitu, futa. Wakati wa kuthibitisha kwenye simu usiangalie jina wala picha, hivyo hunakiliwa kwa sekunde chache. Angalia kiwango cha akaunti na tarehe iliyojiunga, maana hivyo havighushiki kirahisi. Na pale dirisha la kuingia linapochomoza juu ya tovuti, lishike kwa kipanya ulivute hadi nje ya kivinjari. Dirisha la kweli hutoka. La uongo, ambalo limechorwa ndani ya ukurasa, hugota ukingoni. Nimewafundisha jaribio hili wachezaji wenzangu wote, na wapo waliogundua papo hapo kwamba tovuti waliyoizoea ni changa la macho.

Anayekuja Discord, programu ya soga ya wachezaji, akisema yeye ni mfanyakazi wa Steam, na kwamba akaunti yako imeripotiwa kwa bahati mbaya, mzuie bila kumjibu. Kazi hiyo haifanyiki Discord.

Kwenye pesa halisi ndiko ninakokuwa mgumu zaidi. Tangu Julai 2025, vitu vya Counter-Strike 2 (gemu ya risasi) vilivyobadilishwa kupitia Steam hukaa chini ya ulinzi kwa siku 7. Aliyepokea hawezi kuvihamisha, na aliyetoa anaweza kurudisha biashara zake zote za muda huo kwa mkupuo, ingawa akaunti yake itafungiwa biashara siku 30. Ni nafuu kubwa kwa aliyeibiwa. Lakini fikiria umemlipa mtu nje ya Steam, amekupa skini, kisha siku ya tano anairudisha kwake. Pesa umetoa, skini huna. Kwa hiyo usilipe nje kabla siku 7 hazijaisha, na muuzaji akikataa, mwache aende. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, hofu ni ileile upande wa pili: malipo ya kadi yanaweza kupingwa benki wiki kadhaa baadaye. Soko la Steam lenyewe huongeza ada ya 15% juu ya anachopata muuzaji wa skini za Counter-Strike, na salio halitoki nje ya Steam. Watu huilalamikia sana ada hiyo. Mimi huilipa bila kinyongo.

Mtu wa kati wa kuwashikia vitu, akiletwa na huyo unayefanya naye biashara, mhesabu kuwa mshirika wake. Na akaunti nzima usinunue kabisa: mwenye barua pepe ya kwanza na risiti za zamani anaweza kuidai muda wowote, na gemu nyingi zimekataza mauzo hayo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha ya skrini ya makubaliano na ya dirisha la mwisho, uzihifadhi hata pale kila kitu kimeenda sawa.

Ikitokea umeshaibiwa, anza na barua pepe: badilisha nywila yake kwanza, maana mwenye barua pepe yako ataifungua upya kila nywila nyingine utakayobadilisha. Kisha badilisha nywila ya gemu, toa akaunti kwenye vifaa vyote, futa ufunguo wa API, na kama siku 7 hazijapita, rudisha biashara. Ndipo uripoti. Atakayekufuata baada ya hapo akidai atakurudishia vitu kwa malipo kidogo, naye mripoti.