Methotreksati hunywewa mara moja kwa wiki

Juni na Julai, baridi ikikaza Makete na Njombe, kila kiungo kinachouma husingiziwa hali ya hewa. Baridi huzidisha maumivu tu. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba, asubuhi ukashindwa kukunja ngumi kwa saa nzima au zaidi, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, usingoje jua la Septemba. Huenda ni baridi yabisi (rheumatoid arthritis), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, na mfupa ukishaliwa haurudi.

Diklofenaki ya duka la dawa hutuliza maumivu, lakini haizuii mfupa kuliwa. Prednisoloni ndiyo hudanganya watu zaidi: ukiinywa leo, baada ya siku mbili umeshika jembe. Daktari huitoa kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, wakati dawa kuu haijaanza kufanya kazi. Anayejinunulia kwa miezi hukaribisha kisukari, presha na mifupa kuvunjika kirahisi. Na ukishaizoea usiikate ghafla, hupunguzwa taratibu.

Dawa kuu ya kuanzia ni methotreksati. Wengi huanza na miligramu 7.5 hadi 15 kwa wiki, yaani vidonge 3 hadi 6 vya miligramu 2.5. Kwa wiki, si kwa siku! Kosa la kuinywa kila siku limeua watu sehemu nyingi duniani, kwa sababu huzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Chagua siku, tuseme Jumapili baada ya ibada, iandike kwenye daftari la kliniki na juu ya pakiti. Vipo pia vidonge vya miligramu 10, kwa hiyo soma pakiti kila unapopewa mpya.

Asidi ya foliki, mara nyingi miligramu 5, hunywewa siku nyingine ya wiki ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito haviwezi kuchukua nafasi yake. Foliki iliyomo ni kidogo mno.

Mtego mkubwa ni Septrin. Huku kwetu hutolewa kwa mambo mengi, na ikikutana na methotreksati damu inaweza kushuka vibaya. Kila unapotibiwa, hata kikohozi tu, taja methotreksati kwanza. Pombe, iwe ulanzi au komoni, nayo iweke kando, maana ini tayari lina kazi.

Kabla ya kuanza, pima damu kamili, ini na figo. Rudia kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila wiki 8 hadi 12. Ukitoka Kyela au Ludewa, muulize daktari kama unaweza kupima hospitali ya wilaya na kupeleka majibu tu. Nauli ya kwenda kliniki Mbeya ndiyo huwakatisha wengi. Ukiona vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu au kikohozi kikavu na pumzi kukata, usinywe dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12. Isipotosha, daktari huongeza dozi, au huongeza sulfasalazini na haidroksiklorokwini. Mama anayetaka mimba aseme mapema: methotreksati huharibu mimba na husimamishwa miezi kadhaa kabla, ilhali hizo mbili kwa kawaida huendelea. Zipo pia sindano za kisasa, ghali sana, na kabla ya kuchomwa lazima upimwe kifua kikuu, hata kama hukohoi.