Barua kwa mwanangu: mjukuu wetu atakuwa wa wapi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako tumeupata, na habari ya mimba imetufurahisha sote. Umeniuliza hivi: mtoto huyu wa Desemba, baba yake Mjapani, mama yake wa Mombasa, atakayezaliwa Nagoya, atakuwa Mjapani kamili, au ataishi kama mgeni kwao? Mwanangu, hayo ni maswali mawili. La kwanza linajibiwa na sheria, na jibu lake ni fupi. La pili hakuna ofisi inayolijibu, na ndilo litakalokuchosha.

Kwa sheria, atakuwa Mjapani tangu anapozaliwa, wala si nusu Mjapani. Sheria ya uraia ya mwaka 1950 haitazami mtoto kazaliwa wapi, inatazama mzazi wake. Zamani ilimtazama baba tu. Mama Mjapani aliyeolewa na mgeni hakuweza kumrithisha mwanawe uraia, na kule Okinawa, penye kambi za jeshi la Marekani, wakapatikana watoto wasio na nchi hata moja. Sheria ikarekebishwa mwaka 1984, na tangu tarehe 1 Januari 1985 inatosha mmoja wa wazazi awe Mjapani. Ninyi ndoa yenu imeandikishwa, kwa hiyo mambo ni mepesi. Rafiki zako ambao hawajaolewa waambie hili: baba amtambue mtoto kiserikali angali tumboni. Akimtambua baada ya kuzaliwa, uraia hauji wenyewe, unaombwa kwa taarifa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Na njia hiyo ilifunguka baada tu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2008.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma kulisema. Moyo wangu ungependa uje ujifungulie huku, ulelewe siku arobaini kama inavyotakiwa. Ukija, mkumbushe mumeo kifungu cha 12 cha sheria hiyo ya uraia. Mtoto anayezaliwa nje ya Japani akiwa na uraia wa pili, na wetu atakuwa nao, lazima aandikishwe kwenye ubalozi wa Japani Nairobi ndani ya miezi 3. Ndani ya fomu hiyo hiyo ya kuzaliwa, wazazi waweke alama na saini mahali pasemapo kwamba wanauhifadhi uraia wa Japani. Fomu ikichelewa, au ikapelekwa bila alama hiyo, mtoto anahesabiwa kuwa hakuwahi kuwa Mjapani. Kuurudisha kunawezekana akiwa chini ya miaka 18 na anaishi Japani, lakini kwa nini kujitafutia safari hiyo? Mimi nasema zaa Nagoya, arobaini nitakuja kukulea mimi.

Ukizaa huko, taarifa ya kuzaliwa inapelekwa ofisi ya kata ndani ya siku 14, na siku ya kuzaliwa inahesabiwa. Karatasi ni moja: upande wa kulia anajaza daktari au mkunga, wa kushoto mnajaza ninyi. Chukueni pia kile kijitabu cha mama na mtoto kigongwe muhuri. Mkichelewa bila sababu mnaweza kutozwa hadi yeni 50,000. Kabla hamjaondoka, ombeni ile hati iitwayo juri shomeisho, ya kuthibitisha kwamba taarifa yenu imepokelewa, nakala mbili, mkatafsiri moja kwa Kiingereza kwa ajili ya ubalozi wetu Tokyo. Japani haitoi cheti cha kuzaliwa kama chetu, na watu wengi huja kuhangaika baadaye kwa kutolijua hilo.

Mtoto ataandikwa kwenye koseki ya baba yake, lile daftari la familia. Siku utakapoomba nakala yake usishtuke. Mumeo atakuwa na nafasi yake, mtoto atakuwa na yake, wewe utajikuta umetajwa ndani ya maelezo ya ndoa ya mumeo, basi. Koseki ni ya raia tu, na hata ukae miaka thelathini huingii bila kubadili uraia. Kwenye orodha ya wakaazi wa nyumba umo, lakini hata hiyo ni tangu Julai 2012. Kabla ya hapo, mke mgeni hakuwemo humo kama mmoja wa nyumba, na karatasini mumewe alionekana kama mwanamume anayelea watoto peke yake.

Kuhusu uraia wa Kenya: Katiba ya 2010, ibara ya 14, inampa mtoto wako popote atakapozaliwa, kwa sababu wewe ni raia. Kwa kuwa anazaliwa nao na hakuuomba, hapotezi wa Japani. Japani inamtaka achague kabla ya kutimiza miaka 20 (ilikuwa 22 mpaka Aprili 2022). Kuchagua kuna njia mbili: kuukana uraia wa nje, au kujaza tamko ofisini kwamba anachagua wa Japani. Tamko hilo kwa lenyewe haliufuti uraia wa Kenya. Sheria inamtaka baada ya hapo afanye juhudi ya kuukana, na inaishia hapo kwenye neno juhudi. Kinachofuta uraia wa Japani papo hapo ni Mjapani kwenda kuomba mwenyewe uraia wa nchi nyingine akapewa, na hapo ndipo wengi huteleza ukubwani, wakienda Marekani au Ulaya.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Huko uliko, watu wamezoea kuona vitu vitatu vikienda pamoja: sura, lugha na pasipoti. Anayekosa kimoja huulizwa maswali. Watazame jirani zako wa Aichi, mkoa wenye Wabrazili wengi kuliko mkoa wowote wa Japani. Ni wajukuu wa Wajapani waliohamia Brazili, na sheria ya mwaka 1990 iliwafungulia mlango warudi kufanya kazi. Wengi wana sura na majina ya Kijapani, lakini lugha hawakuja nayo. Ulipokuja mtikisiko wa uchumi, mwaka 2009 serikali iliwapa yeni 300,000 kila mfanyakazi aliyekubali kurudi Brazili. Watazame na Wakorea waliozaliwa Osaka na Tokyo, kizazi cha tatu na cha nne. Sura wanayo, Kijapani ndicho wanachoota nacho, lakini babu zao, waliokuwa raia wa Japani ilipoitawala Korea, walipokonywa uraia huo mwaka 1952 mkataba wa amani ulipoanza kutumika, na wengi mpaka leo hutumia jina la Kijapani kazini na la Kikorea nyumbani. Waainu, ambao Hokkaido ni kwao tangu enzi, walitambuliwa kisheria kuwa wenyeji wa asili mwaka 2019. Kwa hiyo atakayekwambia Japani ni ya watu wa aina moja na mwanao ndiye ameleta vurugu, jua hajasoma historia ya nchi yake.

Mwanao atakuwa na pasipoti, na lugha ataipata bila jasho. Atakachokosa ni sura, na hicho ndicho kinachoonekana kwanza. Ataitwa hafu. Wazazi wengine wanapigania aitwe daburu, kwamba ana viwili wala si nusu. Mimi nisingeupoteza muda wangu humo. Watoto wenyewe wakikua, wengi hutumia hafu bila uchungu, wengine hulichukia, na wewe mfuate yeye atakavyo. Sensa ya Japani huuliza uraia, haiulizi asili, kwa hiyo hakuna anayejua hasa wako wangapi. Kinachojulikana ni kwamba karibu watoto 2 kati ya kila 100 wanaozaliwa huko mzazi wao mmoja ni mgeni. Darasani anaweza kuwa peke yake, mjini hawezi.

Watu watakutajia Naomi Osaka, mcheza tenisi aliyewasha mwenge wa Olimpiki ya Tokyo 2021, na Rui Hachimura, mcheza kikapu, mtoto wa Toyama ambaye baba yake katoka Benin, aliyebeba bendera ya Japani siku ile ile. Fahari ni fahari. Lakini mkumbuke na Ariana Miyamoto wa Sasebo, aliyevikwa taji la Japani la mashindano ya Miss Universe mwaka 2015. Alizaliwa huko, kakulia huko, na bado kuna waliolalamika kwamba mrembo wa Japani awe na sura ya Kijapani. Mtoto asiwekewe shuruti la kuwa bingwa ndipo ahesabiwe wa kwao.

Shule ndiyo itakayokupa kazi. Nywele kwanza. Shule nyingi za sekondari zina kanuni za nywele zilizoandikwa kwa kuwaza nywele nyeusi zilizonyooka, na zipo zinazomtaka mtoto mwenye nywele tofauti alete hati ya wazazi kwamba ndivyo alivyozaliwa. Mwaka 2017 msichana mmoja wa Osaka aliishtaki serikali ya mkoa kwa kulazimishwa kupaka nywele zake rangi nyeusi. Mwaka 2021 mahakama ikampa fidia ya yeni 330,000, lakini haikusema kanuni yenyewe ni haramu. Shule za sekondari za serikali ya Tokyo zilifuta amri ya kupaka rangi nyeusi kuanzia Aprili 2022. Kisha Februari 2023, mkoani Hyogo, kijana ambaye baba yake ni Mmarekani Mweusi alisuka mistari ili nywele zitulie kwa heshima ya mahafali. Akaketishwa ghorofa ya juu peke yake, wenzake wote wako chini. Mistari ile ile ambayo kwetu ndiyo unadhifu wenyewe!

Kwa hiyo usingoje siku ya ugomvi. Tangu Desemba 2022 mwongozo wa wizara ya elimu unazihimiza shule zitangaze kanuni zao kwenye tovuti. Soma kabla ya kuandikisha. Kanuni ikisema nywele zisisukwe, mwandikie mwalimu mkuu barua ya Kijapani, mumeo atie saini, mweleze kwa upole nywele hizi zikiachwa zinafanyaje, zinaoshwa mara ngapi kwa wiki, na kwa nini kusuka ndiko kuzitunza. Weka picha mbili. Mwombe akujibu kwa maandishi. Walimu wa huko wengi si wakorofi, wanaogopa kuwa wa kwanza kuruhusu, na jibu lililoandikwa linamkinga hata mwalimu wa mwaka ujao.

Chakula ni rahisi zaidi. Ratiba ya chakula cha shule hutolewa kila mwezi pamoja na viungo vyake. Pitia kwa kalamu nyekundu, tafuta nguruwe mpaka ndani ya mchuzi wa kari na supu, na siku hizo mfungie bento, yaani chakula cha kisandukuni, inayofanana na ya wenzake. Hapo kwenye kufanana tia bidii, maana mtoto wa miaka saba hataki sahani yake iwe mjadala.

Akishakuwa kijana, hasa akiwa wa kiume, polisi watamsimamisha stesheni. Mgeni mwenye ukaazi aliyetimiza miaka 16 analazimika kutembea na kadi yake, nawe usiisahau hata ukienda dukani. Raia halazimiki kubeba kitambulisho chochote. Na hapo ndipo utata unapoanza: polisi anataka kadi ya ukaazi, kijana hana, kwa kuwa si mgeni. Mfundishe mapema aseme kwa sauti ya kawaida kwamba ni raia wa Japani, asikimbie, asitie mkono mfukoni ghafla, na aulize kwa adabu kama anazuiwa au anaombwa tu, kwa sababu kisheria maswali ya barabarani ni ya hiari. Abebe kadi ya My Number, kile kitambulisho chenye namba yake ya serikali, hata kama si lazima. Najua si haki raia kujihami hivyo. Januari 2024 watu watatu, mmoja wao raia wa Japani mwenye asili ya nje, waliishtaki serikali Tokyo kwa sababu ya kusimamishwa huku. Kesi iende, lakini kijana arudi nyumbani mapema.

Ataulizwa pia katoka wapi, na watu wema, mara elfu. Jibu la kwanza ni Nagoya. Wakiuliza tena, yeye ndiye wa kuamua kama leo ana hamu ya kueleza. Usimjibie mbele yake, ukaanza hadithi ya Mombasa kwa mtu wa kwenye lifti.

Kiswahili zungumza naye wewe, tangu siku ya kwanza, na mumeo azungumze chake. Atakujibu kwa Kijapani akifika miaka mitatu au minne, usikasirike, endelea tu. Na wewe ujifunze kusoma Kijapani, si kuongea tu. Mama anayetegemea mwanawe amsomee barua za shule hugeuka mtoto nyumbani kwake, na mtoto huanza kuchagua barua zipi zifike.

Limebaki jina. Jina la ukoo atachukua la baba. La kwake liandikwe kwa kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zilizomo kwenye orodha rasmi, au kwa herufi za silabi, hiragana au katakana, na tangu tarehe 26 Mei 2025 matamshi nayo yanaandikwa kwenye koseki. Nafasi ya jina la kati haipo. Mkiandika Kenji Salim, yanaungana kuwa jina moja refu na litamfuata mpaka benki. Pasipoti inakubali jina la pili ndani ya mabano, lakini halimo kwenye mistari inayosomwa na mashine, kwa hiyo tiketi ya ndege ikatwe kwa jina kuu. Majina yetu yanaishia kwa irabu kama yao, hiyo ni neema: Amina, Hana, Mariamu yanakaa vizuri. L na R kwao ni moja, Salim atakuwa Sarimu. Ali ni jina tukufu, lakini huko hutamkwa kama sisimizi, na watoto hawatamwachia. Upande wa pili, wakwe zako wakipendekeza jina lenye lile neno lao la dubu, ambalo kwetu ni tusi, kataa kwa tabasamu. Mumeo mweleze mkiwa chumbani. Mkishapunguza majina yabaki matano au sita nitumie, baba yako naye anayo yake mawili, na yote nitayasoma kwa sauti hapa nyumbani nione nani atacheka.

Mama yako