Nikishika maiki watu wanaanza stori zao

SWALI: Shangazi, mimi ni mtu wa boda hapa Kondele, Kisumu. Kwa baraza naanzanga na historia ya barabara tangu nikiwa mtoto, nikifika kwa pointi hakuna anayesikiza. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, unaficha nyama chini ya ugali. Anza na unachotaka, "tunataka taa hapa steji", halafu sababu moja yenye watu wameiona kwa macho, kama juzi mwenzenu akianguka kwa shimo usiku, basi. Ukitaka kumbana MCA, mwakilishi wa wadi yenu kwa bunge la kaunti, mtajie kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010, bunge la kaunti lazima lishirikishe wananchi, lakini usikisome chote jamani, jua ni kali. Na mwenye anakupinga, rudia kwanza hoja yake vile yeye angeisema, ndio umjibu.