Bunduki mbili za upepo za modeli moja: ipi ina nguvu zaidi?

Ndugu uliyeuliza kwa nini bunduki yako ya upepo ya springi (springi husukuma pistoni ndani ya silinda, nayo hugandamiza hewa inayotoa risasi) inazidiwa na ya jirani yako, ilhali ni za modeli moja na zote ni za risasi zenye kipenyo cha milimita 4.5, nakujibu kwa yale niliyoyapima mwenyewe. Umesema ya jirani hutoboa debe ambalo yako hulibonyeza tu. Debe si kipimo, kwa sababu umbo la ncha ya risasi, kutu ya bati na mahali inapogonga vyote hubadili matokeo.

Nguvu huhesabiwa kwa jouli: unachukua nusu ya uzito wa risasi kwa kilo, unazidisha kwa kasi yake ya mita kwa sekunde, kisha unazidisha tena kwa kasi hiyohiyo. Ndiyo maana tangazo la mita 305 kwa sekunde ulilolinukuu halisemi kitu mpaka uzito wa risasi utajwe. Kwa risasi nyepesi ya gramu 0.35, kasi hiyo ni jouli 16.3 tu, nguvu hiyohiyo ingeisukuma risasi ya kawaida ya gramu 0.54 kwa mita 245 hivi.

Mimi na mjomba wangu tulikuwa na ubishi kama wenu. Tulikwenda kwenye kiwanja chake Kigamboni, tukapanga viroba vya mchanga, tukaweka kifaa cha kupima kasi mbele ya mtutu. Bunduki yake ilianza na mita 268 kwa risasi ya gramu 0.54, yaani jouli 19.4, nami nikakubali kwamba nimeshindwa. Hata hivyo, kila risasi ilitoka na moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua, kwa kuwa fundi alikuwa amemimina mafuta ndani ya silinda, na joto la hewa iliyogandamizwa lilikuwa likiyawasha. Baada ya risasi thelathini hivi, moshi uliisha na kasi ikatulia kwenye mita 232, sawa na jouli 14.5. Yangu ilikuwa mita 226, jouli 13.8. Naisisitiza hatua hii kwa sababu mafuta hayo yanayowaka huharibu springi na sili ya pistoni, yaani kizibo kinachozuia hewa isivuje, na mwenye bunduki hudhani amepata nguvu.

Kisha tukaweka risasi nzito ya gramu 0.67, na mambo yakageuka: yake ilitoa mita 198, jouli 13.1, na yangu mita 203, jouli 13.8. Tulipozifungua, yake ilikuwa na springi ngumu zaidi iliyobadilishwa, na yangu ilikuwa na bomba la chuma ndani ya pistoni lililoiongezea uzito. Pistoni nyepesi hudunda haraka kwenye hewa iliyogandamizwa kabla risasi nzito haijashika mwendo, lakini pistoni nzito huendelea kuisukuma. Kwa hiyo swali la ipi ina nguvu zaidi halina jibu bila kutaja risasi.

Kagua pia alama zilizopigwa kwenye chuma. Herufi F ndani ya umbo la pembe tano ni ya soko la Ujerumani, yenye kikomo cha jouli 7.5, ilhali Uingereza kikomo cha kawaida cha bunduki hizi ni jouli 16.3. Modeli moja hutengenezwa kwa nguvu zote mbili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Kabla ya kununua springi, weka kipande cha tishu juu ya maungio ya mtutu, pale unapokutana na silinda, kisha piga risasi ukielekeza mahali salama. Tishu ikiruka, kipete cha raba cha maungio hayo kinavujisha hewa. Hewa ya chumvi ya pwani yetu nayo hutia kutu silinda. Yangu niliipeleka kwa fundi eneo la Gerezani, Dar es Salaam, ikasuguliwe ndani.

Ukishapima risasi kumi kumi kwa kila bunduki, tena kutoka kopo moja, tuandikie uzito wa risasi, kasi ya kila moja na alama ulizoziona.