Kabla hujalipia sinema ya garini, tazama redio yako inaishia namba gani

Usilipe kwanza. Umeandika kuwa Jumamosi ijayo unataka kumpeleka mkeo, watoto na mama mkwe kwenye ile sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari huko upande wa Tunguu, ukauliza mfike saa ngapi, mchukue chakula au mnunue huko huko, na Noah yako uiegeshe wapi. Katika maswali yote hayo hukugusa suala la sauti, na ndilo lililonila mimi pesa na heshima mbele ya wakwe, katika kiwanja kingine lakini kwa mpango huo huo.

Usitarajie kukuta spika. Pazia linasimamishwa mbele, picha inaonekana vizuri tu, lakini sauti inarushwa kwa mtambo mdogo wa FM na kila mwenye gari anatakiwa aikamate kwenye redio yake. Wenye shughuli yetu walitangaza masafa ya 98. Gari zetu nyingi hapa Unguja ni zile zilizotumika Japani, nazo huja na redio za kwao, na FM ya Japani kwa redio za zamani huanzia 76 na kuishia 90; zile mpya kidogo hufika 95. Matangazo ya kwetu yanakaa kati ya 87.5 na 108. Maana yake ni kwamba redio yako inaonja ncha ya mwanzo tu ya matangazo ya nchi hii, na kwa kuwa sote tunaweka flashi au tunaunganisha simu, mtu anaweza kuendesha gari yake miaka na miaka asilitambue hilo. Mimi sikulitambua mpaka taa za kiwanja zilipozimwa.

Nikaanza kutafuta. Namba zikapanda 88, 89, 90, kisha zikaruka kurudi 76, na mwanangu mdogo akawa anazisoma kwa sauti kama yuko skuli. Pazia lilikuwa limejaa watu wanaogombana, midomo inakwenda mbio, na ndani ya gari yetu hakuna ila mvumo mtupu wa redio. Nilimfuata kijana wa langoni, yule yule aliyeniapia kwa simu kwamba redio yoyote ya gari inakamata, naye akanijibu bila haya kuwa redio yangu ni mbovu. Mtu anauza tiketi za gari katika kisiwa kilichojaa gari za Japani, halafu anachagua masafa ambayo redio za gari hizo haziyafiki, na mbovu ni redio yangu! Akaongeza kuwa utaratibu wao ni ule ule wa sinema ya zamani ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966. Hiyo mimi sina ushahidi nayo, kwa sababu nilipopata akili kiwanja chake kilikuwa tayari ni ubalozi wa Marekani. Pesa hawakurudisha.

Tulifungua vioo ili tuazime sauti ya jirani. Mbu wakaingia kwa wingi kuliko maneno, na jirani naye akapandisha vioo vyake awashe kipoza hewa. Mwishowe shemeji yangu akakumbuka kitochi chake kina FM. Kitochi hakikamati bila waya wa spika za masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena yake, na waya ulikuwa mmoja. Kwa adabu tulimpa mama mkwe. Akasikiliza peke yake, akicheka, na kila baada ya muda akitusimulia kwa ufupi anavyopenda yeye, kwa hiyo mpaka leo familia yangu inaamini kuwa filamu ile ilikuwa inahusu mirathi.

Sharti langu kwako ni moja: waulize masafa kwa namba, wakuandikie, kisha ukae garini ujaribu kuifikisha redio yako kwenye namba hiyo. Ikikataa, nenda kwa fundi wa redio akufungie ekspanda, kile kikopo kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kushusha masafa. Lakini muulize kinashusha kwa kiasi gani, kwa sababu kikishusha 12, matangazo ya 98 utayapata kwenye 86, na ukitafuta 98 utakesha. Njia rahisi zaidi ni kununua redio ndogo ya mkono ya betri, uiweke juu ya dashibodi. Hiyo pia inakuokoa na jambo jingine lililotupata, la kuacha swichi wazi kwa muda wa saa mbili na nusu na kukuta betri ya gari imekufa, na Noah ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata mkwe ashuke kusaidia.

Kuhusu kuegesha, Noah ni ndefu kwenda juu, huwaziba walio nyuma yake, kwa hiyo watakusukumia nyuma. Richard Hollingshead, aliyefungua sinema ya kwanza ya namna hii huko Camden, Marekani, mwaka 1933, aliinua ardhi ili kila gari inyanyue pua. Sisi tunapewa uwanja wa mpira. Chakula chukueni cha nyumbani. Mengine uliyouliza watakujibu wenzangu, mimi nataka kwanza uende garini sasa hivi, uitazame redio, urudi hapa uandike imeishia ngapi, maana ikiwa ni 90 bado una siku za kutosha za kupita sokoni Darajani kabla ya Jumamosi.